Neno la Kompyuta Nyingi

Hebu niambie, umewahi kuandika neno lako jioni, ukalikuta asubuhi limegeuka la mwenzio? Ndiyo yaliyomkuta Bi Zamda wa Muheza. Zama hizo kila familia ilikuwa na daftari moja, lililojinakili lenyewe kwenye kompyuta za wote. Nakala zikipishana, lilibaki neno lenye kompyuta nyingi. Wanawe watatu, waliokuwa wakiishi Dodoma, walikuwa nazo tatu; yeye alikuwa na moja, juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Kila jioni aliandika, "Sihami hapa kwangu." Kila asubuhi, hajachuja hata chai, alisoma, "Mama yuko radhi kuhamia Dodoma." Alifuta, akaandika tena, akagonga vitufe mpaka kucha zikamuuma. Wapi! Akiwapigia wanawe simu, walimjibu, "Tumeshasoma, mama."

Jumamosi Shamte, mwanawe mkubwa, akaja na lori.

"Nani kakutuma?" Bi Zamda alimaka.

"Wewe mwenyewe, mama. Ona, kote kumeandikwa hivyo hivyo."

"Hayo si maneno yangu!"

"Basi yarekebishe, tusubiri yalingane."

"Yalingane na nini, na mimi nipo mbele yako?"

Shamte hakuinua macho kwenye kompyuta aliyokuja nayo; bado alikuwa akisoma. Wapagazi wa lori walishaanza kulitoa kabati. Bi Zamda akamshika mwanawe kidevu, akamgeuza uso kama enzi za kumlisha uji.

"Niangalie mimi, Shamte. Sitaki kuhama. Nataka kubaki hapa, kwenye jiko langu."