Takia la Baba

Mimi na baba yangu tulikuwa hatusemezani tangu Ramadhani. Tuligombea nani asimamie shamba letu la mitende kule Samad, na mimi ndiye niliyetaka aitwe mtu wa nje atuamue. Alasiri ile tulikaa kwenye majlisi, chumba cha wageni, tukimngoja, kila mmoja na ukuta wake.

Binti yangu Jumana alikuwa mlangoni, akijisomea mtihani wa historia kwa sauti.

"Mfalme wa Spania na mwanawe waligombea ufalme. Wote wawili wakamwendea Napoleon, mtawala wa Wafaransa, awaamue. Akamlazimisha mwana amrudishie baba taji, na baba amkabidhi yeye Napoleon. Kisha akamtawaza ndugu yake mwenyewe."

Akainua kichwa. "Babu, kwani hawakuweza kusemezana wenyewe?"

Baba aliitazama finjani yake. Kahawa ilikuwa imeshapoa.

"Ile karatasi ya kumpa huyu tunayemngoja madaraka yote ya shamba," akaniuliza, "wewe umeshatia saini?"

"Nimeshatia, baba."

"Na mimi nimetia. Juzi."

Nikainamisha uso. Nje, gari likapiga honi.

Baba akainuka kwa kushika goti. Akaliacha takia lake la mahali pa heshima, ambalo sijapata kuona mtu mwingine akiliegemea, akaenda kukaa mlangoni, karibu na viatu. Halafu akarudi. Akainama, akalipigapiga takia kwa kiganja, taratibu, mpaka bonyeo la mgongo wake likatoweka.

"Mfungulie mgeni," akasema.