Breki za Polepole

Mama huyo aliweka chupa mbili juu ya kaunta, moja mpya, nyingine imeshafunguliwa, akauliza ni ipi kati ya hizo ya breki.

Muuza spea alicheka kidogo. Watu wa namna hiyo aliwazoea, wanaojua bei ya kila kitu na wasijue kilichomo ndani ya gari lao. Akamweleza bila haraka kwamba mafuta ya breki hayachaguliwi kwa macho wala kwa bei. Unafungua boneti, unasoma kifuniko cha kile kikopo cha mafuta ya breki. Kuna namba pale, na hiyo ndiyo unayoinunua. Chupa hii mpya, yenye mafuta ya rangi ya chai nyepesi, ndiyo yenyewe. Ile yenye mafuta mekundu ni ya usukani.

"Gari gani, mama?"

"Teksi. Ya Polepole."

Uso wa muuza spea ulichanua. Nani asiyemjua Polepole? Mteja wake wa miaka mingi, dereva aliyeendesha kana kwamba amebeba mayai, mpaka abiria wakawa wanamtania kwamba mwenye haraka ashuke atembee. Kila akipewa soda ya bure hapo dukani alikuwa haifungui, anaitia mfukoni, anasema hiyo ni ya mama watoto. Kumbe mama watoto mwenyewe ndiye huyu! Akamvutia stuli, akamwita shemeji, akamuuliza mbona bwana haonekani siku hizi, mbona hakuja mwenyewe.

Shemeji akasema hawezi kuja. Akasema pia kwamba mumewe alikuwa akilisifu sana duka hili. Kisha akaigusa ile chupa ya mafuta mekundu kwa kidole.

"Na mtu akitia hii kwenye breki?"

Akajibiwa kwamba zitaharibika. Jibu hilo halikumtosha. Alitaka kujua zinaharibikaje, na kama dereva atagundua kabla hajatoka nyumbani. Muuza spea, bado ana tabasamu, akamwambia huenda asigundue. Mafuta haya huvimbisha mipira ya breki taratibu. Gari linaondoka vizuri tu, linasimama vizuri tu, mpaka dereva anakanyaga na kanyagio linazama hadi chini.

"Hata akiwa kwenye mteremko?"

Tabasamu likamtoka. Sasa ndipo alipomtazama vizuri. Macho yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala. Ile chupa ya mafuta mekundu ilikuwa imepungua kidogo tu, kiasi kile kile unachohitaji kuongezea kikopo cha breki.

Kikulacho ki nguoni mwako, akawaza. Yule bwana mpole, na soda zake mfukoni, kumbe shukrani ya punda ni mateke. Alisikia uchungu kama vile aliyesalitiwa ni yeye.

"Nikwambie kitu, mama," akasema, na neno shemeji hakulirudia. "Anayetia hii kwenye breki za mwenzake amemuua. Ni sawa na kumchoma kisu. Watu wasipomjua, Mungu anamjua."

Mama hakubisha. Aliinamisha kichwa, akaitikia mara moja, kama mtu aliyesomewa hukumu aliyokuwa akiingojea.

Muuza spea hakuhitaji ushahidi zaidi. Akasingizia kwamba anakwenda kutafuta mfuko, akapita nyuma ya rafu, akatoa simu. Vidole vilimpotea mara mbili kabla ya kulipata jina la Polepole. Alitaka kumwambia neno moja tu, kwamba asiliwashe gari. Mengine wangeyazungumza baadaye, watu wazima wawili, hata kama ni ya aibu. Pokea, ndugu yangu, akanong'ona. Pokea.

Simu ikaanza kuita. Iliita hapo hapo dukani, ndani ya mkoba wa yule mama.

Aliitoa bila haraka, kioo chake kimepasuka kutoka pembe hadi pembe, akalisoma jina la duka, akainua uso kumtazama kati ya rafu.

"Umechelewa, shemeji," akasema. "Tumeshamzika. Alisema breki zinataka mafuta, nikamtilia mimi asubuhi akiwa anaoga, nimpunguzie kazi."