Igeuze

Mwaka wa saba tangu Shamte afariki, ndipo mjane wake, Bi Raya, alipomruhusu wifi yake Saumu aiwashe tena gramafoni. Santuri ilikuwa bado juu yake, palepale ilipoachwa siku ile. Ilikuwa ya roki ya kizungu, nyimbo zote kisa kimoja, cha mwimbaji wa viatu vya soli nene na mapambo ya kumeremeta usoni, aliyeshuka kutoka nyotani. Ujanani Shamte alimuiga mpaka wanja, mji mzima ukamcheka. Bi Raya, ikianza tu, alikuwa akikimbilia jikoni.

Sasa aliisikiliza mpaka yule mwimbaji akaanguka jukwaani, akafa. Sindano ikabaki inakwaruza.

"Ilipofika hapa ndipo aliponiambia, 'Nigeuze,'" alisema Bi Raya. "Sauti ilikuwa imeshamkauka. Nikamgeuzia ukutani, akakata roho. Alikufa kanipa mgongo, wifi. Nilimkosea nini?"

Saumu alimkodolea macho. "Wifi, huu si mwisho! Upande wa pili anafufuka. Kaka tangu ujanani, ikifika hapa tu, lazima apige kelele: 'Igeuze!'"

Bi Raya alilirudia neno lile kimoyomoyo. Mara pumzi ndefu ikamtoka, na kicheko nyuma yake.

"Ama wewe Shamte, wewe!"

Akaiinua santuri kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayemgeuza mgonjwa, akailaza upande wa pili. Kisha akashusha sindano.