Kilomita ya Nne

Skuta ilizimika tena, palepale, kilomita ya nne ya barabara ya Gremda, mbele ya mlango wa mshonaji. Ikakaa juani robo saa, kisha ikawaka yenyewe kama punda aliyemaliza kununa.

Shadli aliifikisha mjini, akaiegemeza kwenye ukuta wa gereji ya Fundi Tayeb. Hakusalimia. Alikuwa karani wa shule, miaka thelathini na tisa, na shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Fundi, umenimaliza. Wanafunzi wananiita Bwana Kilomita Nne."

"Afadhali wewe, wanakucheka watoto," alisema Tayeb. "Mimi nachekwa na watu wazima."

Kweli alichekwa. Katika mji huo wa Sfax, ambako hata daktari wa meno huenda kazini kwa skuta, Tayeb alikuwa na miaka arobaini ya ufundi hajashindwa na injini. Sasa muuza kahawa wa jirani alimuuliza kila asubuhi, kwa sauti ya kufika mbali, kama mgonjwa wa Shadli ameruhusiwa kwenda nyumbani. Wateja wawili walishahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule anayevaa glavu.

Si kwamba hakujaribu. Skuta ya mtumba ina mambo yake. Alibadilisha plagi. Aliifungua kabureta akaipuliza kwa mdomo, mkewe akakaa siku mbili hataki kumsogelea. Alichuja petroli kwa soksi, akakagua nyaya, akakwangua masizi kwenye bomba la moshi. Gerejini ikawashwa dakika mbili tatu, ikanguruma bila kasoro. Lakini ikitoka nyumbani kwa Shadli, kilomita ya nane, ilizimika kilomita ya nne. Ikitoka mjini kurudi, ilizimika kilomita ya nne.

"Mama anasema ni kijicho," alisema Shadli.

Mama yake, Bi Mannubia, hakungoja watu waanze kuisifu. Siku ileile skuta iliponunuliwa alibandika karatasi ya mkono wa Fatma wa bluu, kinga ya kijicho, juu ya kifuniko cha tangi, kwa gundi ya viatu. Kila alipofungua tangi, Tayeb alikishika kifuniko pembeni, kwa adabu. Kinga ya mtu haichezewi.

"Na yule mshonaji, anasemaje?"

"Zakia? Huyo anatoka na glasi ya maji kila siku kama yuko zamu. Jana ananiambia nimechelewa dakika mbili! Juzi kanishonea kifungo shati likiwa mwilini, mama yake anatuchungulia dirishani. Nimesimama kama mbuzi wa kuchinjwa."

"Pole."

"Pole yako weka. Ikizimika kesho, Jumamosi naipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na nitawaambia nani imemshinda."

Shadli akaenda zake kazini kwa miguu. Tayeb alivua aproni, akapanda skuta mwenyewe. Shadli akitangaza kwamba imemshinda, ni kufunga gereji, basi.

Kilomita ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu akaanza kupiga mluzi. Ya nne ikakohoa, ikafa.

Hajashuka vizuri, mlango ukafunguka. Zakia alitoka na glasi ya maji mkono mmoja, sahani ya vileja mkono wa pili. Akamwona.

"Ah. Kumbe ni wewe."

Akampa maji. Vileja akavirudisha ndani.

Tayeb alifungua tangi aone petroli. Ndipo akasikia: fyuuu. Tangi lilivuta hewa kama mtu aliyeondolewa mto usoni.

Alikigeuza kifuniko mkononi. Kisha, akiomba radhi kimoyomoyo, akabandua mkono wa bluu kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na kile kitundu ambacho kila kifuniko huwa nacho ili tangi lipumue. Kimejaa gundi. Petroli ikishuka na hewa isiingie, baada ya dakika kumi injini inakabwa. Na dakika kumi, kutoka mjini au kutoka nyumbani, ni kilomita ya nne.

Miaka arobaini ya ufundi, na alikuwa akiogopa karatasi.

"Zakia, niazime sindano."

"Sina," alisema mshonaji.

Akazibua kwa uzi wa waya wa breki. Skuta ikawaka, ikaenda hadi kilomita ya nane bila hata kukohoa. Njia nzima Tayeb hakufurahia ushindi wake. Alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia mwanamke wa miaka sabini na tano kwamba kinga yake ndiyo ugonjwa.

Bi Mannubia alikuwa kizingitini anachagua shayiri. Tayeb alichuchumaa mbele yake, akamweleza polepole, kama anapeleka taarifa ya msiba. Tundu. Hewa. Gundi. Si kosa la mtu, mama, nani angejua.

Bibi alikitazama kifuniko.

"Umezibua?"

"Nimezibua, mama."

Akashusha pumzi, akaingia ndani, akatoka na kopo la gundi ya viatu na mkono wa bluu mpya.

"Ziba."

"Mama! Mtaa mzima unanicheka!"

"Wacheke mpaka Id, mwanangu. Utakaa mkeka wa mbele harusini."

"Na Shadli anasema ataiuza Jumamosi!"

"Anasema. Leo asubuhi kajipulizia manukato, eti anakwenda kukaa juani." Alimkabidhi kopo. "Ziba vizuri. Marehemu baba yake skuta ilimzimikia mlangoni kwetu mara tisa ndipo akaleta posa, na huyu ni mzito kuliko baba yake."