Kitufe cha Kutuma

Asubuhi ile mashine ilishindwa kumwamkia mama.

Mdogo mtu aliuona mstari mwekundu kwenye skrini. Kila kulipokucha kivinjari kilijifungua chenyewe, kikaingia kwenye tovuti ya kampuni, kikaandika "Shikamoo mama, nimeamka salama," kikabonyeza Tuma, kikahakikisha ujumbe umefika. Lilikuwa jaribio la kupima kama tovuti inafanya kazi, alilolitunga kaka yake, enzi akikalia kiti hichohicho. Mtundu yule! Badala ya namba ya simu ya kubuni, aliweka ya mama yao. "Nikisahau mimi, mashine haisahau," alikuwa akitamba.

Kisha ajali ikamchukua. Siku ya maziko mama alikuwa hoi wodini kwa maradhi ya moyo, na daktari alikataza asishtuliwe. Alipopona, kila mmoja alimtegea mwenzake amwambie, mwisho wakasema kaka kasafiri kikazi. Jaribio likaachwa liendelee.

Majibu ya mama yalikuwa yaleyale: "Marahaba, mwanangu. Mdogo wako anakula vizuri?" Hakuuliza hata siku moja atarudi lini.

"Kitufe kimehamishwa jana, hakuna kilichoharibika," mkuu wake alimwambia akipita. "Fungua faili la ukurasa wa ujumbe, badilisha mstari mmoja. Si ndivyo kakako alivyotupangia? Kila ukurasa na faili lake la kuonyesha vitufe vilipo, tusihangaike na jaribio mojamoja."

"Narekebisha, dada."

Hakurekebisha. Mstari mmoja tu, na majaribio yote yangepona, na kesho kaka angeamka tena kumsalimia mama. Alikuwa amechoka kumfufua. Lakini asipomfufua, mama ataelezwa na nani, na moyo wake ule? Aliuma midomo, machozi yakamtoka mbele ya wenzake, wala hakujali.

Simu ikaita. Mama.

Akaipokea, uongo ukiwa tayari mdomoni: huko aliko kaka, mtandao unasumbua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Leo salamu za marehemu sijazipata, nikaingiwa na hofu. Wewe mwenyewe mzima?"