Kipande Changu Chini ya Hadubini

Kabla ya alfajiri nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni bila kukoma. Binti yangu alikuwa jikoni akinikorogea chai.

Siku hiyo tulikuwa tunakwenda kuambiwa kama uvimbe wa kwenye titi langu ni saratani. Chai ilikuwa na chumvi badala ya sukari. Niliinywa yote, nikamshukuru.

Hospitalini, daktari wa maabara alitoka mwenyewe kutuita. Kabla ya lolote alinishushia kiti, miguu yangu ikafika sakafuni.

"Bibi, kompyuta yetu mpya imesoma kipande tulichokata kwenye uvimbe wako, nami nikakisoma baada yake. Tumekubaliana. Si saratani."

Binti yangu alinishika mkono.

"Naweza kukiona?" nikauliza.

Daktari akafuta kioo cha hadubini, akanisogezea. Nikafumba jicho moja. Kipande changu kilikuwa cha waridi na zambarau, kimejaa vidoa vilivyojipanga kama maua ya kitenge kipya.

"Mbona mmekipamba kama kinaolewa?"

"Tunakipaka rangi ili kisitufiche kitu."

"Mama," binti yangu akasema huku akifuta machozi, "nimekumbuka. Ile chai niliitia chumvi. Mbona uliimaliza?"

"Nilikuwa na kiu."

Tulicheka sote, hata daktari. Akatusindikiza mpaka mlangoni.

"Mimi hapa huwajua watu kwa vipande tu," akasema. "Uje tena kunitembelea, Bibi. Ila uje mwenyewe, usitume kipande."