Kivuli cha Shija

Miaka ile, kila aliyetimiza hamsini aliitwa hospitali ya ngozi abadilishiwe ngozi yote, kansa isipate pa kuanzia. Nyamizi, mkulima mwenye ualbino, hakubisha mpaka muuguzi alipomwonyesha kwenye skrini ramani ya jua lililomchoma maishani. Shingo na mabega yalikuwa mekundu, kama ya wagonjwa wote waliopalilia mpunga wameinama. Kwenye tabaka la msimu mmoja wa zamani, katikati ya mgongo palibaki peupe, umbo la kichwa kidogo na vijiguu viwili.

"Hapa ulifunika nini, mama?"

"Shija wangu." Alimbeba shambani msimu mmoja tu, mtoto akicheka kila ndege aina ya kwelea waliporuka. Surua ikamchukua kabla hajapigwa hata picha. "Nesi, hapo jua halikufika. Paacheni."

"Ni ngozi yote, mama. Ndiyo sheria."

Wiki ya tatu alirudi nyumbani na mgongo laini, usio na doa. Majirani wakampigia vigelegele. Nyamizi akawashukuru, akaingia ndani, akaitoa kanga ya zamani aliyombebea Shija, akainama kama anayempandisha mtoto mgongoni, akausubiri uzito.